Fundi akikwambia "zima fayawoli, weka Everyone", mtoe nyumbani kwako! Yamenikuta hapa Bombo

Wakuu, salamu kwenu wote. Naandika nikiwa na hasira tangu Ijumaa, kwa hiyo mtanivumilia uzi ukiwa mrefu.

Niko Bombo, barabara ya Gulu, kilomita kama 35 kutoka Kampala. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo ofisi ya mke wangu. Anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za watu, anatengeneza kadi za harusi. Kazi zote zinakaa kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, Windows 10, diski D, folda inaitwa KAZI. Mimi nina kompyuta yangu chumbani, naingia kwenye folda hiyo kupitia ruta ya nyumbani, nachukua faili, narekebisha, narudisha. Miaka sita tumekwenda hivyo.

Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 tukajibana, tukanunua laptopu yenye Windows 11 Pro. Siku ya kwanza tu ikagoma kufungua KAZI. Kompyuta ya mezani inaonekana kwenye orodha, ukiibonyeza unaletewa maandishi ya Kiingereza kwamba huwezi kuingia kwa sababu sera za usalama za shirika lako zinakataza mtu kuingia kama mgeni asiyejitambulisha. Mke wangu akaniita: "Baba watoto, shirika gani hilo?" Akaamini tumeuziwa mali ya wizi, laptopu ya ofisi ya watu. Usiku ule hakulala, alitaka kulipokucha aipeleke dukani. Mtu yuko sebuleni kwake unamtajia shirika! Aliyeandika ujumbe ule angesema tu "weka jina na neno la siri", tungeelewana, na yote yaliyofuata yasingetokea.

Tukaita fundi kutoka Kampala. Simtaji jina wala duka lake, mkitaka kuniuliza inboksi msijisumbue.

Mara ya kwanza aliangalia dakika tano, akasema, "Mzee, netiwaki kadi ya hii ya mezani imekufa." Tukalipa 60,000, akaweka nyingine, na nauli ya teksi juu yetu. Hali ikawa ile ile. Sasa nawauliza wanaojua: kadi iliyokufa inajibu ping, yaani ile hodi ya kupima kama kompyuta inasikika kwenye mtandao? Mimi baadaye niliipigia ping kutoka laptopu, majibu manne kati ya manne. Nikaipima na mlango wa 445, ambao ndio Windows inapitishia kazi ya kushea mafaili, ukajibu True, yaani uko wazi. Njia ilikuwa nzima kabisa. Kipimo cha dakika moja, bure, na yeye hakukifanya.

Mara ya pili ndipo alipotuua. Kwanza akamwomba mke wangu neno la siri, mke wangu akampa ile PIN ya tarakimu nne anayofungulia laptopu, na fundi mzima akakaa anaiingiza tena na tena akishangaa kwa nini inakataliwa. PIN ya Windows inafungua mashine ile ile ilikowekwa basi, haisafiri kwenye mtandao kwenda kukutambulisha kwa kompyuta nyingine. Fundi wa miaka yote hiyo hajui hilo?

Aliposhindwa akaanza kubomoa. Fayawoli, ule ukuta unaozuia wasiotakiwa, akazima kwenye mashine zote mbili. Akarudisha SMB1, ile itifaki ya zamani ya kushea mafaili. Ndugu zangu, Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia tundu la SMB1 hiyo hiyo, kikafunga kompyuta dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya watu, na mwaka ule ule Windows 10 ikaanza kuiondoa kwenye usakinishaji mpya. Yeye anairudisha kwenye ofisi ya mke wangu mwaka huu! Na wala haikusaidia, maana tatizo halikuwa huko. Akashea diski D yote, siyo folda moja, diski yote, akaweka Everyone, Full Control, yaani kila mtu afanye atakalo, kwenye kushea na kwenye Security, zile ruhusa za folda yenyewe. Mwisho akaingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, akawasha AllowInsecureGuestAuth, inayoruhusu mgeni asiyejitambulisha, akaondoa na lile sharti la sahihi, yaani alama inayothibitisha ujumbe umetoka kwa kompyuta ya kweli. Ikafunguka. Akapiga makofi, akachukua 80,000, akaondoka.

Na mimi nikashukuru. Nilimsindikiza mpaka stendi.

Wiki tatu baadaye akaja mpwa wangu, kamaliza S.6 (kidato cha sita), ana laptopu yake, tukampa wi-fi kama mgeni yeyote. Akaona kwenye mtandao diski imefunguka wazi, haimwulizi neno la siri, akaanza kuweka muvi zake humo. Diski ikajaa. Akaona folda kubwa imeandikwa KAZI ZA ZAMANI, akadhani ni nakala, akaifuta ili apate nafasi. Simlaumu kijana. Kompyuta ilimruhusu, na kompyuta ilimruhusu kwa sababu kuna mtu mzima aliyelipwa aliiandikia imruhusu kila mtu.

Wengi hamjui hili, na mimi sikujua: faili ukiifuta kwa kupitia mtandao haiendi kwenye Recycle Bin. Si ya kwako wala ya mwenye diski. Mke wangu alifungua Recycle Bin akakuta tupu, akaifunga, akafungua tena, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni alikokwisha kutafuta.

Mle ndani mlikuwa na harusi za watu, hizo wenyewe wana nakala. Lakini mlikuwa na picha za marehemu mama yangu. Sisi ni Wanubi, mama alikuwa msukaji wa vikapu, na mwaka 2019 nilikaa naye barazani siku nzima nikampiga picha anaanza kikapu mpaka anakimaliza. Kuna moja ya mikono yake peke yake, vidole vimeingia rangi ya zambarau ya ukindu. Ile nilitaka niisafishe niitundike.

Nikampigia fundi. Akasema, "Usiwe na wasiwasi Mzee, nakuja na programu ya kurudisha." Akaja, na programu ile akaiweka wapi? Kwenye diski D! Diski ile ile! Faili ikifutwa kwenye diski ya kuzunguka, zile za zamani zenye sahani ndani, haipotei papo hapo, nafasi yake tu inaandikwa kuwa iko wazi, na chochote kitakachoandikwa baadaye kinaweza kuikalia. Kitu cha kwanza ni kuacha kuigusa. Yeye akaweka programu humo, na mafaili aliyoyapata akayarudishia humo humo, yakawa yanakanyagana. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, sikujua natazama nini.

Picha zilizorudi zinafunguka nusu. Unaona kilemba cha mama, paji la uso, halafu kuanzia machoni kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Ile ya mikono haikurudi kabisa.

Nimefukuza fundi, nikakaa mwenyewe usiku mbili, umeme ukija na kukatika. Haya ndiyo yaliyotakiwa tangu siku ya kwanza, nusu saa ya kazi, na hayahitaji kadi mpya wala rejista. Kilichobadilika ni kwamba Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2, la Oktoba 2024, haikubali tena kuingizwa kama mgeni, inataka ujulikane wewe ni nani. Basi jitambulishe! Kwenye kompyuta yenye mafaili tengeneza mtumiaji mpya mwenye neno la siri, maana lisipokuwepo Windows haimruhusu kuingia kutokea mbali. Washa kushea kwa neno la siri. Shea folda moja, ondoa Everyone, weka mtumiaji yule, na umpe ruhusa pande zote mbili, kwenye kushea na kwenye Security, kwa sababu Windows inafuata ile iliyobana zaidi. Mtandao wa nyumbani uwe Private, yaani wa kuaminika, fayawoli ibaki inawaka. Upande wa laptopu futa majina ya zamani kwenye Credential Manager, pale Windows inapotunza majina na maneno ya siri, kisha andika anwani ya kompyuta na folda, weka jina la kompyuta ile, mkwaju wa kinyume (\), jina la mtumiaji, na neno la siri kamili. Ikafunguka mara moja. SMB1 nimeitoa na rejista nimeirudisha ilivyokuwa.

Kuna moja zaidi ya huku kwetu. Umeme ukikatika ruta inaamka na kugawa anwani upya, iliyoishia na .5 inaishia na .7, na diski Z, ile njia ya mkato ya folda kwenye laptopu, inapigwa alama nyekundu. Hapo tena mafundi watakula hela yako. Ingia kwenye ruta uifungie kompyuta anwani yake isibadilike.

Najua watakuja hapa wa kuniambia "mkuu, ile ya rejista ndiyo njia fupi, mimi natumia mwaka wa pili haina shida". Nimeona video zenu. Sitaki. Hata mimi wiki tatu haikuwa na shida.

Fundi hapokei simu tena. 140,000 yangu sitaidai hapa.

Ninachoomba ni hiki. Folda ya KAZI nimeihamishia kwenye diski mpya, ile ya zamani nimeitoa kwenye mashine, nimeifunga kwenye kanga ya mama, iko kabatini, haijawashwa tangu Jumamosi. Ni ya kuzunguka, terabaiti 1. Kama kuna mtu Kampala mnayemjua ambaye kabla ya kujaribu chochote ataichukulia nakala kamili ya diski nzima, na ataifanyia kazi nakala hiyo bila kuigusa yenyewe, nipeni jina lake. Nitaibeba mwenyewe mkononi, na nitakaa pale mpaka amalize.