Ukoo wa Kisauni: Alhamisi ya Salim

*Jumapili*

20:41 Shangazi Rukia: Asalaam aleikum nyote. Mkutano wa shule wa Salim ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Mwanaidi anasema wanataka kumtoa kwenye mtihani wa kawaida wa jimbo wamtie kwenye ule mbadala, STAAR Alternate 2. Nataka watu wawili wa kufuatana naye. Mimi niko zamu Dallas, nitaingia kwa simu. Hamadi, wewe uko Houston hapo hapo.

20:44 Juma: Waaleikum salaam

20:58 Shangazi Rukia: Juma, salamu nimepokea. Nauliza nani anakwenda.

21:03 Kibibi Muscat: Mbadala ndio upi huo?

21:09 Shangazi Rukia: Mwalimu hukaa na mtoto mmoja mmoja, maswali ya picha, mtoto hujibu kwa kidole au hata kwa macho. Ni wa watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili. Mtihani wenyewe sina neno nao, kuna watoto unawafaa hasa. Lakini akitiwa humo anapimwa kwa kiwango kingine, na huenda huko mbele ikagusa cheti chake cha sekondari. Sheria inawalazimu wamweleze mzazi hayo. Mwanaidi, wamekueleza?

21:10 Shangazi Rukia: Tena sheria ya elimu ya Marekani ya 2015 inasema jimbo zima wasizidi asilimia 1 ya wanafunzi wanaopimwa kila somo. Si mahali pa kumtia mtoto kwa haraka.

21:12 Juma: Asilimia 1 😂 Salim kaingia kundi la mabilionea

21:13 Kibibi Muscat: 😂😂 basi atulipie nauli za Idi

21:13 Fadhili: Mimi nikatiwe daraja la mbele

21:20 Shangazi Rukia: Jamani. Zimebaki siku nne.

*Jumatatu*

02:37 Mwanaidi: Ndio napumzika kidogo kazini. Shangazi, mwaka jana ule wa kawaida walimkalisha mbele ya kompyuta asubuhi kutwa. Alirudi amejikojolea, sauti imemkauka kwa kulia. Nani kati yenu alikuwepo? Huu wa picha huenda akaumaliza anacheka. Kusema kweli nataka kutia saini.

05:15 Shangazi Rukia: Mwanangu, nimekusikia, na asirudi tena kwenye hali ile. Swali langu ni moja: walimpima kwa lugha gani? Ripoti uliyonipigia picha inasema hahesabu kupita mbili. Sikukuu ya Idi, Salim alipokuwa kwangu, alipanga vikombe vya kahawa juu ya sinia, kila kimoja ananigusa mkono, moja, mbili, mpaka saba. Cha nane kina ufa, akakiweka kando. Alihesabu Kiswahili. Shuleni kaulizwa Kiingereza.

05:18 Shangazi Rukia: Sheria yao wenyewe inasema mtoto apimwe kwa lugha yake, ila ikiwa haiwezekani kabisa. Na masharti ya Texas yanasema hatiwi mtihani mbadala kwa sababu eti bado anajifunza Kiingereza. Usipokubaliana nao una haki ya kuomba mkutano usimame, mpaka siku 10 za shule. Na mkalimani ni juu yao, si lazima ukae unatikisa kichwa tu.

05:40 Ami Athmani: Dada Rukia, leo unajua haki zote. Mishi alipokaa chumba cha uani miaka yote ile, haki zilikuwa wapi? Au kwa sababu hakukuwa na simu?

05:41 Ami Athmani: Na funguo alikuwa nayo nani?

05:52 Shangazi Rukia: Athmani, nilikuwa na miaka kumi na minne.

06:01 Juma: Tuombe dua tu 🤲

06:22 Bibi: 🎤 1:48

06:30 Zuhura: Nawaandikia walioko kazini. Bibi anasema: "Athmani, nyamaza. Funguo nilikuwa nayo mimi. Mwalimu alikuja mara moja, akamtazama Mishi pale mlangoni, akasema huyu hasomeki. Nikamshukuru, nikampa na madafu. Sikumuuliza neno. Mishi akisuka ukili mzuri kushinda mimi, na yule mwalimu hakuuona. Mwanaidi, usimshukuru mtu kabla hujamuuliza. Mtoto aulizwe kwa lugha anayoijua."

07:55 Fadhili: Ameen

12:10 Ami Athmani: Nisamehe mama.

14:26 Mwanaidi: Nimemsikiliza Bibi mara tatu. Saini naizuia kwanza. Lakini apimwe upya, na wakisema hata kwa Kiswahili mbadala ndio unaomfaa, nitaweka. Msije mkanilaumu.

14:31 Shangazi Rukia: Hakuna wa kukulaumu. Mimi wa kwanza nitakwambia weka. Mrekodi video akihesabu, uende nayo. Vikombe vyovyote.

14:33 Mwanaidi: Kwangu kuna vya plastiki tu, atavirusha.

14:34 Juma: 😂😂 Salim na plastiki!

19:48 Hamadi: Samahani nilikuwa barabarani. Alhamisi nitajaribu, bosi hajanijibu.

19:49 Shangazi Rukia: Hamadi, ndiyo au siyo?

*Jumanne*

06:05 Shangazi Rukia: Barua ya kuomba mkalimani nimeiandika jana usiku, Mwanaidi ameituma kwa jina lake. Hawajajibu. Wasipomleta, Hamadi asiwe mkalimani, awe mjomba.

06:06 Shangazi Rukia: Hamadi?

09:17 Fadhili: Saa tatu ya Houston au ya Mombasa?