Kuisoma Injili ya Marko kama masimulizi: je, mafundisho yanapotea?

Katekista, Kadutu (Bukavu)
Wapendwa, katika shirika letu tumeanza kuisoma Injili ya Marko kwa kufuata mfululizo wake, badala ya vipande vya Dominika. Mzee mmoja anapinga: anahofu kwamba tukishughulika na wahusika na mpangilio wa habari, tutaacha mafundisho, na vijana watadhani Injili ni ngano. Nimjibu vipi kwa heshima?

Mwanafunzi wa teolojia, Goma
Katekista, mafundisho yenyewe yamo katika mpangilio huo. Tazameni sura ya 5. Yairo, mkuu wa sinagogi, anamsihi Yesu aende kwa binti yake mahututi, na njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anasababisha msafara usimame, hata habari ya kifo inawakuta palepale. Ukihubiri habari ya mwanamke peke yake utafundisha uponyaji, na ya Yairo peke yake utafundisha uweza juu ya mauti. Lakini Marko ameiweka moja ndani ya nyingine, ili mkuu wa sinagogi angoje huku mwanamke asiyetajwa hata jina akiitwa "binti", kisha Yairo aambiwe "usiogope, amini tu" mara baada ya imani ya mama yule kusifiwa. Mkivitenganisha, kungoja kwa Yairo kunatoweka. Hans Frei, aliyefundisha Yale, Marekani, alionyesha mwaka 1974 jinsi wafafanuzi wa karne ya 18 na ya 19 walivyotafuta maana nyuma ya masimulizi, wakayapuuza masimulizi yenyewe.

Mchungaji, Ibanda (Bukavu)
Kuhusu Yairo ninakubali. Hata hivyo mzee asipuuzwe, kwa kuwa Luka anatanguliza kwamba amechunguza mambo yote kwa usahihi, na Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Mfafanuzi anayenyamaza kuhusu kama jambo lilitokea hawatoshelezi watu waliofiwa, nao kwetu ni wengi.

Katekista, Kadutu (Bukavu)
Asanteni. Basi tukifika 16:8, wanawake wanapokimbia kutoka kaburini bila kumwambia mtu neno?

Mwanafunzi wa teolojia, Goma
Kodeksi za Sinaiticus na Vaticanus, nakala za Biblia zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, zinaishia hapo kwa Marko. Msikimbilie aya zinazofuata katika Biblia zetu. Rudini kwanza 14:28, ambapo Yesu ameahidi kuwatangulia Galilaya, kisha mwulizeni mzee huyo mbele ya wote: ikiwa wanawake walinyamaza, sisi habari hii tumeipataje?