Marekani: serikali kutwaa nyumba ya mtu na kumpa mwekezaji, ni halali?

Msomaji_Sheria: Wakuu, naomba kueleweshwa. Katiba yao inataka fidia ya haki mali ikitwaliwa kwa matumizi ya umma. Barabara naelewa, shule naelewa. Hoteli na ofisi za kampuni ni umma gani huo?

Mama Hati: Mdogo wangu, soma kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, Connecticut, 2005. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, 5 kwa 4, walisema ajira na kodi zinazotarajiwa zinatosha kuitwa matumizi ya umma. Yaani zinazotarajiwa tu! Nyumba ya Susette Kelo, ile ya rangi ya waridi, haikuwa gofu, wala hakuna aliyedai hivyo. Jirani yake Wilhelmina Dery alizaliwa 1918 ndani ya nyumba iliyotakiwa. Jaji O'Connor alipinga vikali: kwa hoja hiyo moteli yoyote yaweza kuondolewa ipishe hoteli ya kifahari.

Kobe: Lakini si walilipwa?

Mama Hati: Walilipwa, Kobe. Ila fidia hupimwa kwa bei ya soko, na asiyetaka kuuza ni wazi anaithamini nyumba yake kuliko soko. Isitoshe, mwaka 2009 Pfizer, kampuni ya dawa ambayo mradi huo ulipangwa kuizunguka, ikatangaza kuondoka mjini humo, na eneo lililobomolewa nyumba likabaki majani miaka mingi.

Msomaji_Sheria: Kwa hiyo bado ni ruksa?

Mama Hati: Kitaifa, ndiyo. Ila majimbo zaidi ya 40 yalibadili sheria baadaye, mengine kiuoga uoga tu. Michigan mahakama yao ilishakataa tangu 2004.