49ers wa 1984, 1989 au 1994: kikosi kipi kilikuwa moto zaidi?

Mwanzi_Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ubishi umeanzia kijiweni ukanishinda, nauleta hapa. San Francisco 49ers, timu ya mpira wa Kimarekani katika ligi ya NFL, wana makombe matano ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi hiyo: misimu ya 1981, 1984, 1988, 1989 na 1994. Sitaki kujua timu ipi ya NFL ni bora kuliko zote, hilo litatuchukua hadi Krismasi. Nataka kujua hivi: kati ya vikosi hivyo vitano, ukiambiwa kimoja kikuchezee mechi ya kufa na kupona, unamchukua nani?

Msimu wa 1988 nauweka kando mapema. Walimaliza 10-6, na kuna wakati walikuwa 6-5 wanatafutana uchawi. Kombe walibeba, sawa, lakini kikosi hakikuwa cha kutisha.

Mimi ni 1984. Walishinda mechi 15 kati ya 16, timu ya kwanza ya NFL kufikisha idadi hiyo. Ile moja waliyofungwa na Pittsburgh Steelers, 20-17, mpigaji wao Ray Wersching alikosa mkwaju wa kusawazisha mwishoni. Ulinzi wao uliruhusu pointi 227 msimu mzima, chache kuliko timu nyingine yoyote mwaka ule. Walinzi wote wanne wa nyuma, Ronnie Lott, Eric Wright, Carlton Williamson na Dwight Hicks, walichaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Wote wanne!

Halafu fainali. Miami Dolphins walikuja na Dan Marino, kijana aliyetoka kurusha pasi 48 za tachidauni na yadi 5,084 katika msimu mmoja, vitu ambavyo ligi haikuwahi kuviona. Robo ya kwanza Dolphins wakacheza chapuchapu bila kukusanyika kupanga, 49ers wakakosa mwanya wa kubadilisha wachezaji, wakawa nyuma 10-7. George Seifert, aliyekuwa akiongoza ulinzi, akajaza walinzi wa pasi uwanjani na kuwaachia wanne wa mbele kazi ya kumsaka Marino. Basi. Marino akaangushwa mara 4 na pasi zake 2 zikanyakuliwa. Dolphins walikimbia na mpira mara 9 tu mechi nzima, yaani kila mtu uwanjani alijua pasi inakuja. Ikaisha 38-16. Joe Montana, kwotabeki (mrusha pasi) wa 49ers, akarusha yadi 331 na kukimbia 59 kwa miguu yake.

Leteni hoja.

Ngalawa_89

Mkuu, jina langu linajieleza, sina haja ya kuficha ninapoegemea.

1989 walishinda 14, wakafungwa 2. Fungwa yenyewe angalia: 13-12 na Rams, 21-17 na Packers. Jumlisha tofauti zote, pointi 5. Na zote mbili walifungiwa nyumbani Candlestick Park. Ugenini walikwenda mara 8 wakashinda mara 8.

Kwenye mtoano ndipo walipofanya unyama. Vikings 41-13. Rams wale wale waliowafunga, 30-3. Broncos kwenye fainali New Orleans, 55-10. Jumla 126 kwa 26. Montana alirusha tachidauni 11 kwenye mechi hizo tatu na hakuna pasi yake hata moja iliyonyakuliwa. Zile pointi 55 hadi leo hakuna timu iliyozifikia kwenye Super Bowl, na tofauti ya 45 vilevile.

1984 Jerry Rice, mdakaji wetu mkuu wa pasi, alikuwa bado chuoni Mississippi. Mimi siwezi kuchagua 49ers bila Rice, nisameheni.

Mgeni_wa_Saa_Nane

Naombeni radhi, mimi ni wa mpira wa miguu wa kawaida, nimevutwa na huu mchezo juzi tu. Hiyo 10-6 ni nini? Ni matokeo ya mechi? Na tachidauni ni pointi ngapi?

Mwanzi_Mkavu

Karibu sana. 10-6 ni ushindi 10 na kufungwa mara 6 kwa msimu. Miaka hiyo kila timu ilicheza mechi 16 kabla ya mtoano. Tachidauni, kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la adui, ni pointi 6, kisha unapewa mkwaju wa nyongeza wa pointi 1, ndiyo maana unaona 7, 14, 21. Ukishindwa kufika lakini uko karibu, unapiga mkwaju kati ya nguzo unapata 3. Unapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10; ukifaulu unahesabiwa upya, ukishindwa mpira unakwenda kwa wenzako. Ukilishika hilo mengine yatakuja yenyewe.

Ngalawa, hizo 55 nazijua. Ila Broncos wa John Elway walikuwa wazoefu wa kuchapwa fainali: 39-20 na Giants, 42-10 na Washington, ndipo wakaja kwenu. Fainali yao ya tatu katika misimu minne.

Ngalawa_89

Unasahau Broncos wa 1989 ndio walioruhusu pointi chache kuliko timu zote za NFL msimu ule. Huo ndio ulinzi uliochanwa 55. Wa Dolphins wa 1984 haukuwa hivyo; wao walikuwa Marino na ushambuliaji wake.

Kijana_wa_Ubungo

Wazee mnabishana nyinyi kwa nyinyi kama vile 1994 haipo.

Kuanzia hapo penyewe: 49ers walitolewa na Dallas Cowboys kwenye fainali ya NFC (upande mmoja wa ligi, mshindi anakwenda Super Bowl) misimu miwili mfululizo, 30-20 kisha 38-21. Cowboys wa Troy Aikman na Emmitt Smith, mabingwa mara mbili mfululizo. Mara ya tatu wakakutana tena, Januari 1995, Candlestick. Jaribio la tatu tu la mechi, Eric Davis wa 49ers akanyakua pasi ya Aikman akakimbia nayo yadi 44 hadi mwisho. Dakika 8 hazijaisha ubao unasoma 21-0. Cowboys walirudi kwa nguvu lakini ikaisha 38-28. Nitajieni mechi ya mtoano ya 1984 au 1989 ambayo mpinzani alikuwa wa kiwango hicho. Hamna.

Na kwotabeki wetu Steve Young mwaka ule alivunja rekodi ya alama za ufanisi ya Montana mwenyewe: 112.8 dhidi ya 112.4 ya 1989. Fainali akarusha tachidauni 6, Chargers wakalala 49-26. Deion Sanders mchezaji bora wa ulinzi wa ligi. Pointi 505 msimu mzima.

Mwanzi_Mkavu

Kijana, Chargers wale umewapitia haraka sana, nimeona. Na Eagles waliowafunga 40-8, tena nyumbani, umewaacha wapi? Kocha alimtoa Young uwanjani siku ile, naye akamwakia kocha pembeni ya uwanja kamera zote zikimtazama. Timu bora ya historia haifungwi 40-8.

Kijana_wa_Ubungo

Baada ya 40-8 walishinda mechi 10 mfululizo mkuu. Mstari wa mbele ulikuwa umejaa majeruhi siku ile. Waliporudi watu wao hawakugusika mpaka mechi ya mwisho ya msimu, ambayo haikuwa na uzito tena.

Shangazi_Oakland

Wanangu, nipisheni kidogo. Mimi niko huku ng'ambo ya daraja tangu enzi hizo, na nawaambia mnaliruka kombe lililozaa hayo mengine yote.

1978 timu ilimaliza 2-14. Akaja kocha Bill Walsh 1979, tena 2-14. 1980, 6-10. Watu walikuwa wanawacheka waziwazi. 1981, 13-3 na ubingwa. Ulinzi wa nyuma ule anaousifu Mwanzi, watatu kati ya wanne, Lott, Wright na Williamson, walisajiliwa kwa mpigo mwaka huo wakitoka chuo, wakaanzishwa moja kwa moja. Nani leo anathubutu kuwapa wageni watatu nyuma ya timu inayotaka ubingwa?

Na ile fainali ya NFC dhidi ya Cowboys ya tarehe 10 Januari 1982 mnaijua kwa picha tu. 49ers walipoteza mpira mara 6 siku ile. Mara 6! Wakabaki nyuma 27-21, wanaanzia yadi 11 zao, zimebaki yadi 89 za kwenda. Walsh hakuwaambia warushe mbali. Alikuwa akiwapa mpira wakimbiaji, yadi 6, yadi 7, maana Cowboys walikuwa wamejipanga nyuma kusubiri pasi. Wakafika yadi ya 6. Jaribio la tatu. Pasi ilipaswa kwenda kwa Freddie Solomon, akateleza. Montana anakimbilia kulia, mijitu mitatu inamfuata akiwemo Ed Jones ambaye urefu wake peke yake ni ukuta, anarudi nyuma hatua kwa hatua karibu na mstari wa pembeni, kisha anaurusha juu sana. Kila mtu alidhani anautupa nje. Dwight Clark akaruka akaushika kwa ncha za vidole. 28-27.

Lakini hapo hapakuisha, na hili wengi hamlijui. Zilibaki sekunde 51. Cowboys wakampata Drew Pearson katikati ya uwanja, njia iko wazi mbele yake, na Eric Wright, yule mgeni, akamkamata jezi kwa mkono mmoja akamwangusha. Bila mkono ule, picha ya Clark ingekuwa picha tu.

Ngalawa_89

Shangazi shikamoo. Sina ubishi na mechi, ila swali ni kikosi. Kwenye Super Bowl iliyofuata Bengals waliwazidi yadi, 356 kwa 275. Walishinda 26-21 kwa mikwaju minne ya Wersching.

Shangazi_Oakland

Marahaba. Na Bengals walipofika yadi 3 kipindi cha pili wakapewa majaribio manne, waliingia? Hawakuingia. Jaribio la tatu Dan Bunz alimgonga Charles Alexander pale pale alipodaka pasi, hata yadi moja zaidi hakupata. La nne wakamkusanya Pete Johnson, mtu mzito kuliko wote, wakamsimamisha mstarini. Yadi ni hesabu ya karani.

Tena Bengals hao ndio walioacha kumpa Walsh ukocha mkuu alipokuwa msaidizi wao. Aliwafunga fainali 1981, akawafunga tena 1988, mechi yake ya mwisho kabla ya kumwachia Seifert timu. Kwa hiyo hata hiyo 1988 mnayoitupa ina utamu wake: yadi 92, sekunde 34 zimebaki, John Taylor anadaka pasi yake pekee ya siku hiyo.

Na kwa 1989, Ngalawa, umesahau kuwa katikati ya msimu tetemeko lilitupiga huku, tarehe 17 Oktoba. Candlestick ilikuwa imejaa watu wa besiboli. Mechi iliyofuata ya nyumbani 49ers walihamia Stanford, wakawafunga Patriots 37-20. Hapo nakupa pointi, timu ile haikutetereka.

Kasuku_Mchokozi

Mimi nina neno kwa Kijana. 1994 ilikuwa timu ya kuokoteza. Deion mkataba wa mwaka mmoja, msimu uliofuata yuko Dallas. Ken Norton alichukuliwa kutoka kwa Cowboys hao hao. Rickey Jackson, Richard Dent, Bart Oates, wote wazee waliotengenezwa na klabu nyingine. Hiyo ni pesa ya mmiliki Eddie DeBartolo, si kikosi.

Kijana_wa_Ubungo

1994 ndio mwaka wa kwanza wa ukomo wa mishahara NFL, Kasuku. Timu zote zilikuwa na kiwango kimoja cha kutumia. Walsh na DeBartolo miaka ya 80 ndio waliotumia bila kikomo! Timu ya 1989 ilikuwa na Young, kwotabeki ambaye angeanza karibu timu yoyote nyingine, ameketi benchi kumsubiri Montana. Wakati wa ukomo huo ni anasa ngumu kuilipia.

Kasuku_Mchokozi

Hapo umenipiga. Lakini naongeza moto: kikosi cha 1990 ni bora kuliko cha 1981 na 1988. 14-2 tena, wakatolewa na Giants 15-13 bila kuruhusu hata tachidauni moja. Matt Bahr alipiga mikwaju 5 ya pointi 3. Leonard Marshall alimgonga Montana kwa nyuma hadi akatoka nje ya mechi, kisha Roger Craig akaangusha mpira wakati wanaongoza na muda unayoyoma.

Mwanzi_Mkavu

1990 haina kombe, haiingii kwenye uzi huu. Fungua wako.

Nabaki 1984, kwa sababu ya ulinzi. Ila nakubali kuwa ukiondoa ulinzi, Montana wa 1989 ndiye Montana bora: asilimia 70 ya pasi zake zilifika. Kwotabeki wa sasa anafika huko kwa urahisi kiasi, enzi zile ilikuwa kama muujiza.

Mgeni_wa_Saa_Nane

Nimefuata kila neno. Sasa mimi nisiyejua kitu, nianze kutazama mechi gani moja? Kuamka saa nane na nusu usiku kungoja Super Bowl ya mwakani siwezi bila kujiandaa.

Kijana_wa_Ubungo

Cowboys, Januari 1995. Usipepese macho mwanzoni.

Ngalawa_89

Usimsikilize. Tafuta 49ers na Eagles, Philadelphia, Septemba 1989. Reggie White na wenzake walimwangusha Montana mara 8 siku hiyo. Robo ya nne inaanza yuko nyuma 21-10. Akarusha tachidauni 4 kwenye robo hiyo moja: Taylor, Rathman, Jones, Rice. Ikaisha 38-28. Watu watakwambia uruke moja kwa moja hadi robo ya nne. Usiruke. Tazama kwanza anavyochakazwa.