Naomba ushauri: nani aunganishe michoro ya kenchi za paa lenye vipande vingi, Iyumbu, Dodoma?

Mjenzi wa Iyumbu
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninajenga nyumba ya familia huku Iyumbu, kuta zimefika kwenye lenta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, na ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, bado haijamwagwa. Ramani ina umbo la herufi L: mwili mkuu una upana wa mita 9, bawa la vyumba vya kulala lina upana wa mita 6, na mbele kuna baraza juu ya nguzo mbili. Sebule iko pale sehemu hizo mbili zinapokutana. Mimi na mke wangu tuliomba iwe wazi, bila nguzo wala ukuta katikati, na dari lake liinuke kufuata mteremko wa paa.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba sioni mtu anayelibeba paa hili zima kichwani mwake. Mchora ramani ameonyesha umbo la nje na kuandika mteremko wa nyuzi 25. Mhandisi aliyekokotoa nondo amenipa msingi, nguzo na ringi bimu, lakini kuhusu paa ameandika mstari mmoja tu kwamba kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zitabuniwa na atakayezitengeneza. Karakana ya kenchi inasema itachora kenchi zake, ila kuta zitakazozibeba si jukumu lake. Fundi wa kupaua, mzee ninayemheshimu, ananitaka nilete mbao za mbili kwa sita na mbili kwa nne kutoka Mafinga, mengine atayapanga akiwa juu. Nianze na nani, na kabla ya kumwaga zege niulize nini?

Fundi Paa
Ndugu yangu, mimi nami ni fundi wa kupaua, na simlaumu mzee wako, kwa sababu nyumba ya mgongo mmoja, yaani mstari mmoja wa kilele cha paa, tunaipaua hivyo kila siku na inasimama. Paa lako ni jingine. Chukua hizo nyuzi 25: kwenye upana wa mita 9 mgongo utapanda takriban mita 2.10 kutoka usawa wa ukuta, na kwenye upana wa mita 6 utapanda mita 1.40 tu. Kwa hiyo migongo miwili itapishana kwa sentimita 70, na mgongo wa bawa utaingia ubavuni mwa paa kubwa. Je, picha uliyoonyeshwa ina migongo iliyolingana? Kama inalingana, bawa litahitaji nyuzi 35, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mabonde ya paa, yale tunayoyaita vali, hayatakatwa tena kwa nyuzi 45 kwenye ramani, na ncha za paa zilizotoka nje hazitakaa usawa mmoja. Ukitoa ukingo, yaani sehemu ya paa inayozidi ukuta, wa milimita 600, upande wa nyuzi 25 utashuka milimita 280 na upande wa nyuzi 35 utashuka milimita 420. Hizo milimita 140 utaziona kila siku kwenye ubao wa pembeni wa paa, isipokuwa ukuta wa bawa uinuliwe kiasi hicho hicho au ukingo wake ufupishwe. Uamuzi huo hufanywa sasa, kabla ya ringi bimu, kwa kuwa zege likishaganda fundi hana pa kuuficha. Mimi ningekushauri uache migongo ipishane.

Mhandisi wa Majengo
Naunga mkono aliyosema fundi, na naongeza upande wa mzigo. Kwa kuwa hakuna ukuta pale sebule inapoingia kwenye bawa, kenchi za mwili mkuu zitakosa pa kukalia kwa urefu wa mita 6. Lazima iwepo kenchi nzito ya kuzibeba kenchi hizo, na itapokea nusu ya upana wa mwili mkuu, yaani mita 4.5 kwa mita 6, sawa na mita za mraba 27 za paa bila kuhesabu ukingo. Ncha zake mbili zitagawana mzigo huo, na kila ncha itaukandamiza mahali padogo sana. Hapo panahitajika nguzo ya zege yenye nondo, inayoshuka mpaka kwenye msingi wake. Tofali za inchi 6 peke yake nisingeziamini.

Ndiyo maana karakana inakwambia kuta si zake, na mhandisi wako anasema kenchi si zake. Wote wawili wanasema kweli, lakini katikati pamebaki pengo. Mrudie mhandisi wako, umlipe kazi hiyo kama kazi mpya, naye aiombe karakana mpangilio wa kenchi zote kwenye karatasi moja, ukionyesha kila kenchi inakalia wapi na inashusha mzigo kiasi gani. Akishalinganisha na nguzo zake, asaini. Usiagize hata ubao mmoja kabla ya hapo.

Na tangi la maji usilipandishe darini bila kumwambia. Lita 1,000 ni tani moja ya maji.

Mkazi wa Nzuguni
Tafadhali usisahau upepo. Sisi watu wa Dodoma tunaujua upepo wa kiangazi, na dhoruba zinazotangulia mvua za Desemba ni kali zaidi. Paa la baraza yangu lilinyanyuliwa na bati zake zote, kwa kuwa kenchi zilipigiliwa misumari tu kwenye mbao ya juu ya ukuta, na mbao yenyewe haikufungwa kwenye zege. Baraza iliyo wazi hupokea upepo kutoka chini. Vyuma vya kufungia vilazwe kwenye ringi bimu siku ya kumwaga, vikizidi zaidi juu ya nguzo za baraza.

Mjenzi wa Iyumbu
Nawashukuru sana. Mhandisi, swali moja: fundi wangu anasema kwa dari la kuinuka atakata tu ile mbao ya chini ya kenchi, tai bimu, hapo sebuleni. Je, inafaa?

Mhandisi wa Majengo
Haifai hata kidogo. Mbao hiyo ndiyo inayozuia miguu ya kenchi isitanuke. Ukiikata, mzigo wa paa utazisukuma kuta nje, na nyufa zitaanzia juu ya madirisha. Dari la kuinuka linawezekana kwa kenchi ya mkasi, ambayo mbao zake za chini zimepanda kuelekea katikati, lakini hubuniwa hivyo tangu mwanzo, na viungo vyake hubeba nguvu kubwa zaidi kuliko vya kenchi ya kawaida. Mwambie mzee kwa heshima, ukiwa na mchoro mkononi.

Mjenzi wa Iyumbu
Nimeelewa. Nimesimamisha umwagaji wa ringi bimu uliopangwa Jumamosi. Jumatatu mhandisi, mtu wa karakana na mzee wangu watakutana palepale kwenye jengo, na nimekubali migongo ipishane. Tangi nitalijengea mnara nje.

Fundi Paa
Mwombe mzee aje na kamba na futi yake. Kabla ya karakana kukata chochote, apime kuta zilivyosimama kweli, na pembe kwa pembe, kwa maana ukuta uliojengwa mara nyingi haulingani na ramani.