Visukuku vya baharini: Mto Kombeni au mwamba wa hapa kisiwani Mombasa?

mvuvi_wa_mawe: Jamani jmosi nataka kuwapeleka wanangu wawili kutafuta visukuku, yale mabaki ya viumbe vya kale yaliyobaki mawe, siku ya kupumzika tu, mahamri na chupa ya chai. Nimekwama kati ya Mto Kombeni kule Rabai na matumbawe ya hapa hapa. Nani kashaenda?

bint_changamwe: Kombeni! Tembea pole pole kwenye kingo pale maji yalipokula udongo, usitafute jiwe zuri, tafuta mistari. Amonaiti, yule mnyama wa bahari wa kale, gamba lake liko kama pembe ya kondoo dume iliyojikunja, mie nlipata kipande saizi ya kizibo cha soda, mbavu zake ukipitisha ukucha wazihesabu moja moja. Mjerumani Beyrich kaandika kuhusu amonaiti za Mombasa tangu 1877 na sie twazikanyaga tukienda kazini 😂

kaka_tudor: Mie Rabai nlitoka mikono mitupu, masaa manne jua la utosi na mtoto analilia soda. Matumbawe hayakunyimi kitu, ngoja maji yakupwe tu utaona makombe yamekwama mwambani, Fort Jesus yenyewe si imejengwa kwa mawe hayo hayo

bint_changamwe: @kaka_tudor sawa lakini hayo ni ya juzi bwana, miaka kama 125,000. Ya Rabai yapita milioni 145, enzi za dinosa.

mvuvi_wa_mawe: Na Mazeras je? Nasikia kuna miti iliyogeuka jiwe

tuktuk_original: Ipo, ila hiyo ni ya nchi kavu, wewe si wataka vya bahari

babu_kisauni: Wanangu, kuchimba bila kibali hapana, kuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Ukiona kitu cha maana weka shilingi kando yake ionekane ukubwa, piga picha, kiache pale pale, kisha wapelekee habari watu wa makumbusho Fort Jesus. Na mawingu yakikaza upande wa bara tokeni mtoni, msingoje tone la kwanza.

mvuvi_wa_mawe: Shukran babu. Basi Kombeni asubuhi, tukikosa twarudi mwambani jioni. Mdogo keshaniuliza kama amonaiti yaliwa 😅

bint_changamwe: Mwambie ni jamaa yake pweza na ngisi, ila huyu hata umpige mwambani kutwa halainiki