Amezifuta kurasa 214 kwa kidole chenye samli ya halua

Assalaam alaykum waungwana. Naandika usiku huu kwa sababu nikilala na jambo hili moyoni sitaamka salama. Fundi yule tunayemjua sote, ambaye hakuna tovuti ya jumuiya hapa Chake Chake isiyopitiwa na mkono wake, leo baada ya laasiri amezifuta kurasa zangu 214 mbele ya macho yangu, kwa kidole chenye samli ya halua, na alipomaliza akaniambia, “Maalim, zile zilikuwa takataka.”

Takataka! Kurasa hizo nilianza kuziandika mwaka 2009, moja baada ya moja, kwa HTML ya mkono, ile lugha ya kuundia kurasa za tovuti: majina ya samaki, mashairi ya harusi, maneno ya Kipemba ya kuchuma karafuu, kuzichambua na kutenga makonyo.

Sikatai kuhama. Tovuti ilikuwa juu ya Drupal 7, toleo la zamani la mfumo wa kuendeshea tovuti, ambalo lilikwisha kuhudumiwa tarehe 5 Januari 2025, na kubaki nalo ni kulala mlango wazi. Ila kutoka huko hupandi toleo jipya kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hujengwa tovuti mpya pembeni, kisha yaliyomo yakahamishwa kutoka hifadhidata ya zamani. Kurasa zangu hazikuwamo kwenye hifadhidata. Zilikuwa mafaili ndani ya folda kwenye seva, zana ya kuhamisha haikuziona, naye akaamua kwamba kisichoonwa na zana hakina thamani.

Linalonichoma zaidi ni kwamba hakuhitaji hata kutoka jasho. Faili la .htaccess linalokuja na Drupal, lenye maagizo kwa seva, hulipeleka ombi kwenye mfumo pale tu kinachoombwa kinapokuwa hakipo. Faili likiwepo, seva hulitoa lenyewe. Angeinakili folda ile mahali pale pale, kwa jina lile lile, kurasa zote zingefunguka. Na kama alitaka ziingie katika sura mpya, angeorodhesha kwanza anwani zote, akachota kichwa na matini ya kila ukurasa, kisha kila anwani ya zamani akaipa uelekezo wa 301, yaani wa kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye anwani mpya. Yeye alipangusa midomo, akabonyeza Futa. Kidole kile kiliacha doa la mafuta kwenye kitufe, nami nikalikodolea macho doa lile mpaka skrini ikazima. Sasa mwanafunzi wa skuli akigonga kiungo anakutana na 404, yaani ukurasa haupo. Takataka, anasema, mbele ya wazee wawili, na halua yenyewe nimemnunulia mimi!

Mchumaji wa Konde: Pole sana, Maalim. Lakini tuambizane kweli: tangu 2009 hukuweka nakala hata moja nyumbani? Kosa la kufuta ni lake, la kukosa nakala ni lako.

Maalim (mleta uzi): Nakala ninayo ya kurasa 90. Hizo 124 zilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa. Na hilo halimpi mtu ruhusa ya kuniita mwandishi wa takataka huku akilamba vidole.

Bi Mkunguni: Maalim, itafute anwani ya zamani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ile ghala ya nakala za kurasa za zamani za mtandao, ukurasa mmoja mmoja. Huenda baadhi zimo. Fanya kesho, usingoje.

Kijana wa Shangani: Afadhali wewe uliyefutiwa ukajua. Sisi huku Unguja fundi huyo huyo alizihamisha kurasa zote, lakini zilikuwa zimehifadhiwa kwa usimbaji wa zamani, yaani namna ya kompyuta kuandika herufi kwa namba, na yeye akazisoma kama UTF-8, usimbaji wa sasa, basi mashairi yetu ya herufi za Kiarabu yamekuwa safu za alama za kuuliza. Yanafunguka vizuri kabisa, na hakuna anayeweza kuyasoma.

Bi Mkunguni: Usinikumbushe alama za kuuliza. Kwetu picha zote zimebaki na anwani za kompyuta yake mwenyewe, C: na kadhalika, kwa hiyo zinaonekana kwake tu, akifungua nakala iliyo kwenye kompyuta yake. Kila tukimpigia simu anajibu kwamba yeye anaziona.

Kijana wa Shangani: Na sisi alitujibu hivyo hivyo! Bibie, hizo za kwenu zilikuwa picha ngapi?